Lenzi Fupi na Makaburi ya Kalunguta

Kuna siku moja ambayo nimeshindwa kuisahau, mwanangu, na kila mtu anaponiuliza habari za lenzi hunirudia yote, hata harufu ya udongo wake. Juzi ulinionyesha kwenye simu yako picha ya lenzi ndefu, nyeusi, nene kama mchi wa kutwangia sombe, majani ya muhogo, ukaniuliza kama inafaa kwa maua ya Mutwanga unakokwenda. Nilikujibu kwamba nitafikiri. Ukacheka, ukadhani mama huyu amezeeka, jambo la kujibu kwa neno moja analihitajia wiki nzima. Uzee ninao, sikatai, lakini haukuwa uzee ulioninyamazisha. Lenzi kama hiyo nilikaribia kuinunua mimi mwenyewe wakati wa vita, na kama ningeinunua, mama yangu angechimbua maiti ya mtoto wa watu wengine akaizika nyumbani kwetu.

Basi keti, nikueleze.

Siku hizo nilikuwa kijana, nina studio ndogo hapa Butembo. Nilipiga picha za vitambulisho, za ndoa, za komunyo ya kwanza, na katika miaka ile nilipiga pia nyingi za watu waliolala ndani ya jeneza wazi, ndugu zao wamesimama pembeni wakiwa hawajui waweke wapi mikono. Nchi ilikuwa imekatwa vipande, kila kipande na wakubwa wake, na sisi wa Butembo na Beni tulikuwa chini ya wakubwa waliobadilika kabla hatujazoea majina yao. Nilichoka na nyuso za wafu. Agronomu mmoja wa chama cha wakulima aliponiomba nimpigie picha za karibu za ua la kahawa, za jani lenye ugonjwa la kinkina, ule mti wa dawa ya malaria, za shina linapoanza kuwa jeusi chini ya gamba, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Alitaka wakulima waujue ugonjwa mapema. Mimi nilitaka tu kutazama kitu kinachoota.

Lakini kamera yangu ilikuwa na lenzi moja, ile ya kawaida, fupi. Ukilisogelea ua, picha inatoka ukungu mtupu. Nikapanda gari kwenda Beni, dukani kwa Papa Salumu.

Papa Salumu alikuwa mfanyabiashara Mwislamu aliyekuwa akileta redio, saa na vitu vya kamera kutoka Kampala. Zamani alikuwa amepiga picha yeye mwenyewe, mpaka macho yakamshinda. Ndani ya kabati lake la vioo kulikuwa na lenzi ndefu ya picha za karibu, ndugu kabisa wa hiyo yako. Nilipoiona nilisahau hata kusalimia vizuri.

"Nipatie ile, Papa."

"Ya kufanya nini?"

"Ya maua."

Akaniangalia juu ya miwani. "Ua iko na miguu? Itakukimbia? Unataka kuifuata na mukono murefu hivi ya nini, Masika?"

Watu waliokuwa dukani wakacheka. Nilinuna, mwanangu, maana nilikuwa na kiburi cha mtu mwenye studio yake. Nikamwambia kwamba lenzi ile inalikuza ua hadi unaona vumbi lake, nawe uko mbali, hulitii kivuli, huogopi nyoka. Yote hayo ni kweli hata leo. Mzee hakuyabisha. Aliitoa kabatini, akaipangusa kwa shati lake, akaiweka mbele yangu.

"Ni muzuri, sikatae. Inakamata ua toka mbali, na kitu yote ya nyuma inafuta. Mutu hawezi jua kama ile ua ilikuwa Beni ao Kinshasa. Iko sawa bibi-harusi mwenye balipiga picha bila baba na mama. Lakini kuna ingine. Ukipita na hii kitu mu barabara ya Kalunguta, askari anakuona toka kilima, unazani ataona appareil ya picha? Ataona mudomo ya bunduki. Batakuzika na objectif, hii lenzi ya muzuri, kwa shingo."

Hapo hakuna aliyecheka tena.

Akafungua droo, akatoa pete za chuma zilizo tupu katikati, hazina kioo hata kidogo. Pete hizo hufungwa kati ya kamera na lenzi. Lenzi inasogea mbele, na kamera iliyokuwa haioni kitu cha karibu inaanza kukiona. Kulikuwa na pete nene, ya wastani na nyembamba. Kadiri pete ilivyo nene ndivyo ua linavyokuwa kubwa kwenye picha, na ndivyo unavyolazimika kulisogelea, mpaka pua yako inakaribia kugusa jani.

"Chukua hii, na objectif yako ya fupi unayo. Anza na ile nyembamba. Fupi inakaribia ua, lakini inabakisha mahali kwenye ua inakaa. Na funga tundu ya mwangaza karibu yote, ili mbele na nyuma bionekane. Sasa mwangaza itapunguka, utafungua kwa muda murefu, mukono itatetemeka. Kwa hiyo, usishike na mukono. Lalisha appareil juu ya mufuko ya maharagi."

"Maharagi, Papa? Si niweke kwenye stendi ya miguu mitatu?"

"Stendi nayo iko na sura ya silaha. Maharagi hakuna mutu anaogopa. Na utapiga magoti, Masika. Ua unaipigia magoti. Kama magoti inakuuma, rudia mu studio."

Niliondoka na pete, nimekasirika. Njia nzima nilikuwa nikiijibu ile kauli ya magoti kichwani mwangu, na kila jibu lilikuwa kali kuliko lile la kwanza. Lakini nilifanya alivyosema. Nilishona mfuko wa kitambaa kigumu, nikajaza maharagi nusu tu, ili kamera inapolala izame kidogo na kutulia. Nikajifunza kubana pumzi. Nikajifunza kungoja upepo, maana ua likikuzwa hata pumzi ya mbuzi inalitikisa. Agronomu alizipenda zile picha. Kwa muda mfupi nilikuwa mtu mwenye furaha, nasema hivyo bila aibu, ingawa watu walikuwa wakifa.

Kisha wakamwua Muhindo.

Muhindo alikuwa mdogo wangu, mvulana pekee kwa mama yetu. Alikuwa akichukua mafuta ya mawese kwa kinga, baiskeli yake, kutoka Kalunguta mpaka hapa. Siku moja watu wenye silaha waliingia sokoni yeye na wenzake walikokuwa wakipakia, wakapiga risasi. Walikuwa nani, nimeambiwa majina mengi, na kila aliyeniambia alikuwa na uhakika. Wanakijiji waliobaki waliwazika wafu haraka, safu moja, kwenye kona ya shamba la kahawa, kabla nao hawajakimbia. Katekista wa pale, mzee mwenye mkono mmoja mkavu, ndiye aliyetuma habari.

Mama hakulia mbele yetu. Aliingia nyuma ya nyumba, akachimba shina zima la kana, yale maua yenye majani mapana kama ya mgomba mchanga. Kana ya mama ilikuwa ya manjano yenye madoadoa mekundu, mbegu aliyopewa na mama yake. Akaliweka kwenye beseni na udongo wake, akajitwisha. Kwetu wakati huo msalaba wa mbao haukudumu kaburini. Askari waliung'oa wakaupikia. Kwa hiyo watu walianza kupanda maua kutoka uani kwao wenyewe, ili marehemu awe na alama isiyofaa kwa kuni. Siku ya kumrudisha nyumbani ikifika, wangemtambua.

Tulitembea, mama na mimi. Niliweka kamera chini kabisa ya kikapu, maharagi juu yake. Katekista alitungoja shambani, akatuonyesha. Muhindo alikuwa wa pili kutoka mwisho wa safu. Kichwani pake mzee alikuwa ameweka jiwe la kijivu lenye mshipa mweupe uliogawanyika mara mbili, kama njia panda. Mama akapiga magoti, akapanda kana yake kando ya jiwe. Ua lilikuwa limelegea kwa safari.

Ndipo askari akashuka kutoka kilimani. Alikuwa kijana, macho mekundu, viatu si vya jozi moja.

"Muko nafanya nini? Hii ni nini mu kitunga?"

"Ni maharagi, chef," nikasema. "Na appareil."

"Appareil? Uko mupelelezi?"

"Ni ya maua, chef. Angalia." Nikamwonyesha lenzi fupi na pete yake. Aliishika, akatazama ndani ya ile pete tupu, jicho lake likanitazama upande wa pili. Mwanangu, kama kile kikapu kingekuwa na ile lenzi ndefu, leo nisingekuwa hapa kukusumbua.

"Mufu wenu?" akauliza.

"Mutoto yangu," mama akasema, bila kugeuka.

Akanirudishia kamera. "Piga ua. Ua tu. Ukipiga kilima ao nyumba, nakuvunja hii kitu, na wewe pia."

Alisimama nyuma yangu pale pale. Sikuweza kurudi nyuma nipate shamba zima, wala mti, wala barabara. Nililala kifudifudi kwenye udongo uliochimbuliwa, nikafunga pete nyembamba, nikaminya tundu la mwanga hadi karibu na mwisho, nikailaza kamera juu ya mfuko wa maharagi. Nilikuwa nasikia pumzi ya askari na pumzi ya mama. Upepo ukatulia, nikabonyeza. Hata sikujua nini kimeingia zaidi ya ua. Nilitaka tu mama awe na kitu mkononi.

Askari akachukua maharagi. "Ya chakula," akasema, kama mtu anayeomba radhi. Tukarudi Butembo na kamera bila mfuko wake.

Picha ile mama aliiweka ndani ya kitabu chake cha sala. Papa Salumu sikuwahi kumwonyesha. Duka lake liliporwa, akakimbilia kwa ndugu zake, akafa njiani kwa homa ambayo kwa amani ingetibiwa kwa vidonge vichache. Nilikuwa nimemnunia nilipotoka dukani kwake mara ya mwisho, na mpaka leo linaniuma kwamba hakuiona picha.

Miaka ikapita. Tukaambiwa vita vimekwisha, ingawa bunduki hazikuambiwa. Mama akaanza kuugua kifua. Kila jioni alikuwa na neno moja: anataka Muhindo alale kando ya baba yake, chini ya migomba ya nyumbani, kabla yeye mwenyewe hajalazwa pale. Kwa nini ucheleweshe jambo kama hilo? Tukakodi gari, tukatafuta sanduku dogo la mifupa na wanaume wa kuchimba, tukaenda Kalunguta.

Nilipoliona shamba, nikasimama. Safu nzima ilikuwa kana. Kila kaburi lilikuwa na majani yale yale mapana, kila kaburi na ua la mama yangu, manjano yenye madoadoa.

Mwanamke mmoja alikuwa akipalilia. Jina lake Kahambu. Mumewe aliuawa siku ile ile aliyouawa Muhindo. Jioni ya maziko alikimbia na watoto wake, akaishi ugenini muda mrefu. Aliporudi alikuta misalaba imeliwa na moto, makaburi ni vichuguu tu, na kana moja imestawi, imetambaa mwisho wote wa safu. Akaipasua mizizi yake, akapanda kwenye kaburi la kila mtu, ili asiwepo aliye uchi. "Nilijua ni Mungu alileta ile ua," alituambia, akitabasamu kwa kuona wageni. Mama alimshukuru. Ungemwambia nini mtu aliyefuta alama yako kwa wema?

Kaburi la mumewe lilikuwa la mwisho katika safu, akasema, na ndilo alilokuwa amekaa juu yake. Udongo wake ulikuwa laini kuliko mengine yote. Alilipalilia kila juma, na hapo ndipo alipokuwa akija kulia.

"Basi wetu ni huyu," mama akasema, akionyesha linalofuata. "Wa pili toka mwisho. Sijasahau."

Katekista alikuwa amekufa. Hakuna aliyembishia mama. Mmoja wa wanaume akainua jembe.

Sijui kwa nini niliomba ile picha. Nadhani nilitaka tu kuona jiwe. Mama akaitoa kwenye kitabu cha sala, nikachutama, nikapangua majani kwa mkono. Kichwani pa kaburi lile palikuwa na jiwe, kweli, lakini jeusi, halina mshipa. Nikaangalia picha. Jiwe la kijivu, mshipa mweupe wa njia panda, kila punje yake inaonekana. Nikasema, "Ngojeni." Nikaenda kwenye kaburi alilokaa Kahambu, nikapangua majani.

Jiwe lilikuwa pale.

"Hapana," Kahambu akasema. "Hapana, mama. Huyu ni bwana yangu. Bwana yangu ndiyo wa mwisho."

Nikaitazama picha tena, na ndipo nilipoona kile ambacho sikuwahi kukitazama miaka yote ile. Nyuma ya ua, kati ya majani mawili, kulikuwa na tuta la udongo mpya, si wazi sana, lakini tuta kamili, na juu yake kofia ya majani imewekwa kama wanavyofanya kwetu kwa mwanaume aliyekufa nje ya nyumba yake. Kaburi jingine, baada ya Muhindo. Nilipoinua macho, mahali pale palikuwa na majani tu na mteremko mdogo. Mwanaume mwenye jembe alikwenda akachoma udongo. Jembe likaingia lote bila kupingwa, na chini likagonga magunia ya mchanga yaliyooza. Askari walikuwa wamechimba handaki pale, Kahambu akiwa ugenini. Handaki lilikuwa limekula kaburi la mwisho, kisha mvua ikalifunika.

Nikampa Kahambu picha. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza machoni, akaweka kidole kwenye kile kituta kilicho nyuma ya ua.

"Ile kofia," akasema. "Nilimuwekea mimi."

Kisha akauliza kwa sauti ndogo: "Sasa nilikuwa nalilia nani?"

Mama yangu ndiye aliyemsogelea, akaketi chini kando yake, kifua chake kikikoroma, akamshika bega. "Ulilia mutoto yangu," akamwambia. "Mimi nilikuwa mbali. Wewe ulimulilia."

Tulimchimba Muhindo. Tulimtambua kwa bamba la ile baiskeli yake, alilolishonea kwenye mkanda wake. Kahambu alisaidia kupokea mifupa kwa kanga yake mwenyewe, halafu akapanda gari pamoja nasi, bila mtu kumwalika wala kumkataza. Kwenye matanga hapa Butembo aliketi mkekani na mama, na watu walipouliza huyu ni nani, mama alisema, "Ni mama ya Muhindo." Aliporudi kwao alirudi na picha. Haina nakala, maana pelikuli, ile filamu yake, iliungua pamoja na studio yangu. Mama alikufa mwaka ule ule, amelala pale alipotaka.

Basi, mwanangu, nimefikiri, na sasa nakujibu. Lenzi ndefu usiinunue. Maua yako yatatoka mazuri sana nayo, na kila kilicho nyuma yake kitayeyuka kiwe rangi tupu, na watu watakusifu. Nunua pete, ufunge kwenye lenzi fupi uliyo nayo, uanze na nyembamba. Minya tundu la mwanga. Mfuko nitakushonea mimi, wewe uniletee maharagi. Piga magoti mbele ya kila ua, hata kama watu wanacheka, na kabla ya kubonyeza tazama pembezoni mwa kioo uone nani mwingine yuko pale: jiwe, udongo, jirani. Usimfute. Hujui nani atakuja siku moja kumtafuta nyuma ya ua lako.

Na mtu mzima akikukaripia dukani, nuna kama unataka, lakini rudi umsalimie angali hai.

Mungu akulinde kwenye njia za Mutwanga na za kurudi. Akupe macho yasiyochoka na mikono iliyotulia. Picha zako ziwarudishie watu watu wao, na wewe mwenyewe usitafutwe kwa picha. Amina, mwanangu. Sasa nenda, mvua inakuja.